Barua ya wazi kwa wanaosimamia masafa: andikeni kilobiti kwenye leseni

Kwa wakuu wa Mamlaka ya Mawasiliano na wa Wizara ya Habari, Nairobi.

Waheshimiwa, pokeeni salamu kutoka Kisumu.

Mimi ni fundi wa redio. Kibanda changu kiko soko la Kibuye, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikifungua redio za watu. Nabadilisha spika zilizopasuka, naunga eriali zilizovunjwa na watoto, nakwangua kutu iliyoachwa na mawe, yaani betri, yaliyovuja. Kila redio naijaribu kwa sikio kabla ya kumrudishia mwenyewe. Mita hunionyesha kama umeme unapita. Lakini kama mama aliyetoka nayo Nyakach ataridhika akisikiliza matangazo ya vifo jioni, hilo ni sikio tu linaloweza kulijua.

Habari ya redio ya dijitali imekuwa ikitajwa mara kwa mara, na sababu inayotolewa ni kwamba masafa ya FM yamejaa mijini. Sibishani na sababu hiyo. FM inaanza MHz 87.5 na kuishia MHz 108, na mtu akizungusha kitufe cha redio hapa mjini anaona mwenyewe jinsi stesheni zilivyobanana. Wateja wangu swali lao ni jingine kabisa: fundi, ikija hiyo dijitali, sauti itakuwa nzuri kuliko hii? Nimechoka kuwajibu nusunusu. Nawaandikia nyinyi kwa sababu jibu mnalo, na litategemea kitu kimoja ambacho wasikilizaji hawatakiona kamwe, yaani idadi ya kilobiti kwa sekunde, kiasi cha habari za sauti zinazotumwa kila sekunde, ambayo kila stesheni itapewa.

Niruhusuni niwaeleze nilivyolifikia jambo hili.

Nilimwomba mzee mmoja anayepiga nyatiti, mtu wa Siaya, anipigie wimbo mmoja nirekodi. Tulirekodi nyuma ya kibanda asubuhi mapema soko halijaamka, kwa kipaza sauti kimoja kizuri nilichoazima. Nyatiti ina nyuzi nane, na asiyeijua hudhani nyuzi ndizo ngoma nzima. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akaigonga kwenye ukingo wa ala huku gara, zile njuga za chuma, zikilia mguuni pake. Kwa hiyo mtu mmoja aliyeketi kigodani anatoa sauti tatu kwa mpigo: nyuzi zinazovuma, chuma kinachogonga, na njuga zinazochakarisha juu ya vyote.

Rekodi hiyo niliitolea nakala kwenye kompyuta. Ya kwanza niliiacha ilivyo, kwa kiwango cha CD, ambacho ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. Nyingine niliibana kwa kodeki, yaani programu ya kubana sauti, iitwayo AAC hadi 128, nyingine 64, nyingine 32. Nakala ya tano niliipitisha kwenye jenereta yangu ya kupimia redio za FM, kwa waya, bila kurusha chochote hewani. Kisha nikamwita mzee mwenyewe, jirani yangu anayeshona viatu, na mama anayeuza omena upande wa pili. Nikawaketisha wakiipa mashine mgongo.

Nakala ya 128 hakuna aliyeitofautisha na ile ya CD. Ya FM waliitambua mara moja kwa ule mvumo wa "shhh" ulio chini yake, lakini mzee alitikisa kichwa cha kukubali na mguu wake ukaanza kugonga sakafu. Ilipokuja ya 64 alikunja uso. Alisema gara zimelowa. Nikamwomba arudie, akasema hivyo hivyo: zimelowa, kana kwamba mtu amezivalia mtoni. Nilipoweka ya 32 alinyamaza hadi mwisho, kisha akaniuliza huyo anayepiga ni nani. Nilimwambia ni yeye. Alikataa.

Watu watatu si utafiti, nalijua hilo. Lakini mzee yule ameishi na njuga hizo mguuni tangu ujana wake, na alichokisikia kina maelezo ya kiufundi yaliyonyooka.

Kodeki huipunguza sauti kwa kutupa kile ambacho sikio halitakigundua. Sauti kubwa humeza sauti ndogo iliyo karibu nayo, kwa hiyo ile ndogo haina haja ya kutumwa. Kilobiti zikiwa za kutosha kazi hii hufanyika kwa ustadi wa ajabu, na mimi naiheshimu. Zikipungua, kodeki inalazimika kutupa hata vile vinavyosikika. Sauti ya mtu anayesoma habari huvumilia. Njuga hazivumilii, kwa sababu hazina noti moja ambayo kodeki inaweza kuishika na kuieleza kwa maneno machache. Ni vurugu iliyotawanyika kuanzia katikati hadi juu kabisa ya usikivu wa binadamu. Na kwenye viwango vya chini, aina ya AAC inayotumika katika redio ya DAB+ (DAB ni mfumo wa redio ya dijitali, na DAB+ ni toleo lake jipya) hufanya jambo jingine: hutuma sehemu ya chini tu ya sauti, halafu redio ya msikilizaji hujitungia sehemu ya juu kwa kunakili ile ya chini na kuipandisha, ikifuata maelekezo mafupi. Kwa hiyo gara alizozisikia mzee kwenye nakala ya 32, niliyoibana kwa aina hiyo, hazikuwa zake. Zilitengenezwa ndani ya mashine.

Ngoma nazo huumia kwa namna yake. Fikirieni isukuti ya Waisukha na Waidakho kule Kakamega, ile ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Kila pigo lina mwanzo mkali kama mlango unaobamizwa. Kodeki huikata sauti vipande vipande na kukishughulikia kila kipande chote kwa pamoja, na kilobiti zikiwa haba uchafu wake hutapakaa hadi kabla ya pigo lenyewe. Ngoma inatanguliwa na ukungu wake. Msikilizaji hatajua kuyataja hayo, atasema tu kwamba ngoma hii haichezeki.

FM haichagui. Inabeba sauti hadi kHz 15, na hapo ndipo penye dari lake. Chini ya dari hilo njuga, pembe na kikohozi cha mtangazaji vyote hupita, vikiwa vimechanganyika na kelele ya njiani. Ina kasoro zake, na nisingekuwa fundi mwaminifu nikizificha. Mtambo huzipandisha sauti nyembamba kabla ya kurusha, na redio huzishusha tena ili mvumo upungue. Mtambo ukisukumwa sana, sauti hizo nyembamba ndizo za kwanza kubanwa. Stereo yake ina mvumo mwingi kuliko mono, ndiyo maana redio nyingi za gari hujirudisha mono zenyewe mawimbi yakidhoofu. Na milima huisumbua mno. Ukisafiri na gari kutoka Ahero kuelekea Chemelil, ukiwa chini ya ukuta ule wa Nandi, stesheni moja inakufikia mara mbili, moja kwa moja kutoka mlingotini na tena ikiwa imegonga mlima na kurudi. Mawimbi hayo mawili yanagombana na sauti inachanika.

Hapo dijitali inaishinda FM, na kwa mbali. DAB hugawa habari zake katika vibebeo 1,536 vidogo vinavyokwenda polepole sambamba, na kati ya alama moja na nyingine huacha mwanya wa mikrosekunde 246. Mwangwi unaoingia ndani ya mwanya huo haudhuru, na muda huo unatosha wimbi kusafiri zaidi ya kilomita 70. Mlima unaoiharibu FM unaweza hata kuisaidia dijitali. Hakuna mvumo, na kimya kati ya maneno ni kimya kweli. Nilikulia kwenye redio ya masafa ya kati, enzi za Sauti ya Kenya, wakati muziki ulisikika kana kwamba unapigwa ndani ya debe, kwa kuwa stesheni za masafa hayo hutengana kwa kHz 9 tu na sauti inayopita haizidi nusu ya hapo. Baba aliifunga redio yake kwa kitambaa cha meza kama kitu kitakatifu. Angesikia DAB yenye kilobiti za kutosha angesimama. Kwa hiyo msinihesabu miongoni mwa wanaoipinga.

Ninachokiogopa ni hesabu. Mtambo mmoja wa DAB, kwa kinga ya wastani dhidi ya makosa, hubeba takribani kilobiti 1,152 kwa sekunde. Ukiipa kila stesheni 128, zinaingia 9. Ukiipa 64, zinaingia 18. Ukiipa 32, zinaingia 36. Mwenye mtambo hulipwa kwa kila stesheni, na mwenye stesheni angependa kulipia kilobiti chache. Katika meza hiyo wameketi watu wawili ambao wote faida yao iko kwenye namba ndogo, na msikilizaji hayupo. Nyinyi ndio mnaoweza kumwakilisha.

Haya si maneno ya kubuni, yamekwisha kutokea kwingine. BBC ilianza kurusha DAB mwaka 1995 kwa kodeki ya MP2, na watu wakaahidiwa sauti ya kiwango cha CD. Kadiri stesheni zilivyoongezeka, kilobiti zikagawanywa. Nyingi za Uingereza zikatua kwenye 128, kiwango ambacho kwa kodeki ile kongwe hakitoshi kwa muziki wa stereo, na nyingine zikashuka hadi 80 au 64 na kuwa mono, hali mwenye FM nyumbani alikuwa akizisikia kwa stereo. Mwaka 2006 BBC iliishusha hata Radio 3, stesheni yake ya muziki wa okestra, kutoka 192 hadi 160. Wasikilizaji waliisikia tofauti hiyo, wakaandika kulalamika, na shirika likakubali kuirudisha 192 kila nafasi inaporuhusu. Baadaye ikaja DAB+, yenye kodeki bora zaidi, na hapo ilikuwapo nafasi ya kuirudisha sauti mahali pake. Leo ziko stesheni kule zinazorushwa kwa kilobiti 32. Ubora wa kodeki mpya ulitumiwa kupenyeza stesheni zaidi, badala ya kumpa msikilizaji sauti nzuri zaidi.

Ndiyo maana nasema neno "dijitali" peke yake halimwahidi msikilizaji kitu.

Lipo jambo la pili, nalo kwetu huku ni zito kuliko muziki. Mawimbi ya FM yakidhoofu, sauti huchakaa pole pole: mvumo unapanda, mikwaruzo inaingia, lakini maneno bado yamo. Dijitali hukaa safi kabisa hadi mahali fulani, kisha hubwabwaja kama uji unaochemka, kisha hunyamaza. Kati ya usafi na ukimya hakuna hatua nyingi. Sasa fikirieni mama wa Nyakach niliyemtaja. Jioni anasikiliza matangazo ya vifo kwa Dholuo. Anachokitega sikio ni jina la marehemu, jina la kijiji, na siku ya mazishi. Katika FM yenye mvumo atayashika yote matatu, hata ikibidi aisogeze redio karibu na dirisha, aishike eriali kwa mkono. Niliwahi kuona redio imefungwa waya wa seng'enge uliopandishwa hadi kwenye paa la mabati, na ilikuwa inasema vizuri. Katika dijitali iliyofika ukingoni atasikia salamu za familia wazi kabisa, halafu kimya, halafu wimbo wa stesheni. Jina limekwenda.

Kwa hiyo ramani zitakazochorwa za mahali mawimbi yanapofika zisipimwe kwa eriali ndefu iliyo juu ya gari la kupimia peke yake. Zipimwe ndani ya nyumba ya mabati, kwa redio ya bei ya mwananchi, mezani, Budalang'i na Usenge na Rusinga, na ndani ya mabonde ya Vihiga ambako kilima kimoja tu kinatosha kukufichia mlingoti.

Na hizo redio za bei ya mwananchi ziko wapi? FM imo ndani ya simu ndogo ya mulika mwizi. Imo kwenye matatu, kwenye kinyozi, kwenye spika ndogo ya kadi anayotembea nayo kijana wa bodaboda. Redio ya dijitali inahitaji kifaa kipya, na kifaa hicho hula umeme zaidi kwa kuwa ndani yake kuna kompyuta inayofanya hesabu bila kupumzika. Bado nina wateja wanaoanika mawe juani ili wayatumie siku mbili zaidi. Mnakumbuka wenyewe Februari 2015, televisheni za analogi zilipozimwa na stesheni kubwa za binafsi zikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu kwa sababu ya mvutano, huku watu wakikimbilia ving'amuzi. Hapa Kibuye nilikuwa na foleni ya watu waliodhani televisheni zao zimeharibika. Norway ilipoizima FM ya stesheni za taifa mwaka 2017 iliziachia stesheni nyingi ndogo za mitaa masafa yao. Kama nchi yenye uwezo ule iliona vyema kuwaachia wadogo FM, sisi tuna sababu maradufu.

Na kabla hamjafika huko, FM yenyewe tuliyo nayo haitendewi haki. Niliwahi kuitwa na stesheni moja ya huku magharibi, sitaitaja, wakilalamika kwamba mtambo wao una sauti mbaya. Mtambo haukuwa na hatia. Nyimbo zote studioni zilikuwa MP3 zilizopakuliwa intaneti kwa kiwango cha chini, zikapitishwa kwenye mashine ya kubana sauti iliyofunguliwa hadi mwisho ili stesheni isikike kwa nguvu kuliko jirani yake, kisha zikabanwa mara ya pili kwenye kiungo cha kutoka studioni hadi mlimani. Kilichofika kwenye FM kilikuwa maiti ya benga. Lile besi linalotembea, zile gitaa mbili zinazokimbizana, yote yamekuwa ukuta mmoja. Tulibadilisha nyimbo mia moja tu kwa nakala kutoka CD halisi na kushusha ile mashine, na wasikilizaji wakapiga simu kuuliza kama stesheni imenunua mtambo mpya. Hatukununua hata msumari. Uchafu wa namna hii ukiingizwa katika DAB+ ya kilobiti 32 utabanwa mara ya tatu, na hapo hakuna fundi atakayewasaidia.

Ombi langu, waheshimiwa, ni hili. Siku mtakapotoa leseni za redio ya dijitali, andikeni ndani yake kiwango cha chini cha kilobiti kwa sekunde, kwa jina la kodeki, kimoja cha stesheni za mazungumzo na kingine cha stesheni za muziki. Kwa sikio langu, muziki wa stereo katika DAB+ usishuke chini ya 96, na mazungumzo yasishuke chini ya 48. Kama wataalamu wenu wana namba bora kuliko hizi nitafurahi kuzisikia, mradi ziandikwe. Kiwango cha kila stesheni kichapishwe ili mtu yeyote aweze kukisoma, na kipimwe bila kumwarifu mwenye mtambo. Iwapo mtachagua DRM, mfumo mwingine wa redio ya dijitali, ambao India imeuweka katika masafa ya kati na ambao kodeki yake mpya hustahimili kilobiti chache vizuri zaidi, sharti libaki lile lile. Na FM isizimwe huku hadi redio mpya iuzwe sokoni kwetu kwa bei inayokaribiana na ile inayouzwa leo.

Lakini kabla ya namba yoyote, fanyeni majaribio ya kusikiliza, na myafanyie huku. Sauti zinazotumiwa kupimia kodeki Ulaya ni vitu kama piano, filimbi, makofi ya ukumbini. Nyatiti haimo, litungu ya Wabukusu haimo, isukuti haimo, wala sauti ya mtu anayesoma Dholuo, lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubadilisha maana ya neno. Tafuteni wapigaji wenyewe wawe wasikilizaji wa majaribio. Wanajua ala zao zinavyolia wakiwa wamezishika.

Rekodi yangu ninayo, nakala zote tano, pamoja na spika mbili nilizoziunda mwenyewe. Jumapili soko hufurika na makelele huwa mengi, kwa hiyo njooni Jumanne asubuhi. Mkifika geti la Kibuye ulizeni fundi wa redio. Mzee amekubali kuja na nyatiti yake, aketi katikati ya spika hizo mbili na kupiga, ili mlinganishe.

Wenu mtiifu,
Fundi wa redio, soko la Kibuye, Kisumu